Je, wajua kwa nini Norwei, nchi inayouza mafuta, imejaa magari ya umeme?

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wanamuziki wawili wa bendi ya a-ha, Morten Harket na Magne Furuholmen, waliungana na mwanaharakati wa mazingira Frederic Hauge kuingiza Norwei kigari kimoja cha ajabu: Fiat Panda iliyong'olewa injini ya petroli ikafungwa mota ya umeme. Wakawa wanapita nacho kwenye vituo vya tozo za barabara bila kulipa. Walifanya makusudi. Walitaka serikali iseme wazi kwamba gari lisilotoa moshi halistahili kutozwa sawa na linalotoa. Faini zikarundikana, wao wakakataa kulipa, gari likakamatwa na kupigwa mnada. Aliyelinunua ni nani? Wao wenyewe. Wakarudi nalo barabarani na mchezo ukaanza upya.

Ukisikia kisa hicho unaweza kukiona kama kiki ya wasanii. Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 1990 Norwei iliyaondolea magari ya umeme kodi ya kuyaingiza nchini. Mwaka 1997 yakaruhusiwa kupita bure kwenye vituo vya tozo, vilevile ambavyo akina Harket walikuwa wakigombana navyo. Mwaka 1999 yakapewa maegesho ya bure ya manispaa. Mwaka 2001 ikaondolewa VAT, ambayo siku hizi ni asilimia 25, na mwaka 2005 yakafunguliwa njia za mabasi. Kati ya magari mapya 100 yaliyouzwa Norwei mwaka 2024, karibu 89 yalikuwa ya umeme mtupu. Septemba mwaka huohuo magari ya umeme yalizidi ya petroli kwa idadi katika daftari zima la usajili wa nchi, mapya kwa ya zamani.

Na hii ni nchi inayochimba mafuta baharini na kuyauza duniani, yenye baridi inayogandisha mito. Kama kuna mahali ungetegemea watu wang'ang'anie petroli, ni hapo.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Wanorwei ni matajiri. Kweli ni matajiri. Lakini Uswisi nao ni matajiri, na Kuwait pia, na hakuna hata mmoja anayeikaribia Norwei. Utajiri unaeleza kwa nini waliweza, hauelezi kwa nini walitaka.

Jibu lenyewe limejificha kwenye karatasi ya kodi. Mtu yeyote Dar es Salaam aliyewahi kuagiza gari Japani, akaingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, na kuona kodi inavyolikaribia gari lenyewe kwa bei, ataielewa Norwei kuliko Mmarekani atakavyoielewa. Kwa miaka mingi Norwei imekuwa miongoni mwa nchi zinazotoza magari kodi kubwa sana. Ukisajili gari jipya la petroli unalipa kodi inayopanda kulingana na uzito wake, kiasi cha kaboni linachotoa na gesi za nitrojeni, halafu juu yake unakuja mzigo wa VAT.

Chukua mfano wa kubuni. Gari la petroli linatoka kiwandani kwa kroni 250,000, la umeme kwa 350,000. Tofauti ya laki moja ni kubwa, na mnunuzi wa kawaida angekimbilia la petroli bila kufikiri mara mbili. Sasa ongeza VAT kwenye la petroli: kroni 62,500. Ongeza kodi ya usajili, tuseme 60,000. Limefika 372,500. La umeme limebaki palepale 350,000 kwa kuwa halikutozwa chochote. Hakuna aliyemshawishi mnunuzi apende mazingira, na wala serikali haikumpa hata kroni moja mkononi. Ilichofanya ni kuacha kumtoza.

Hapo ndipo nchi nyingi zilizokwenda Oslo kujifunza hurudi mikono mitupu, maana huwezi kusamehe kodi usiyoitoza. Marekani hutoza kodi ndogo kwenye gari jipya, hivyo haikuwa na cha kusamehe. Ikabidi itoe ruzuku, hadi dola 7,500 kwa gari kupitia punguzo la kodi ya mapato. Norwei ilikuwa na bahati ya pili pia: haikuwa na kiwanda kikubwa cha magari. Hapakuwa na Volkswagen yao wala chama cha wafanyakazi wa viwanda vya injini wa kulalamika bungeni. Gari la petroli lilikuwa la wageni, na kulitoza hakukumuudhi mwenye sauti.

Njia za mabasi nazo zilileta kichekesho chake. Wakazi wa vitongoji vya Oslo, waliokuwa wakikaa kwenye foleni kila asubuhi, waligundua kwamba kigari cha umeme kinawapitisha kama mabasi. Wakanunua kwa ajili hiyo tu. Baada ya miaka kadhaa magari ya umeme yalikuwa yamejaa kwenye njia hizo kiasi kwamba mabasi yenyewe yakakwama, na baadhi ya njia zikawekewa sharti kwamba nyakati za msongamano dereva awe na abiria angalau mmoja. Ukitaka kujua sera imefanikiwa, angalia inapoanza kujikwaa kwa wingi wa wafuasi wake.

Jambo ambalo mimi naliweka juu ya yote, hata juu ya kodi, ni kwamba serikali ziliingia na kutoka, za kushoto na za kulia, na misamaha ikabaki kwa takriban miaka thelathini. Linganisha na Ujerumani. Tarehe 16 Desemba 2023, siku ya Jumamosi, wizara ilitangaza kwamba ruzuku ya magari ya umeme inafungwa; mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumapili, kesho yake. Mahakama ya katiba ilikuwa imetoboa bajeti mwezi mmoja kabla, na fedha zikawa hazipo. Aliyekuwa ameagiza gari na kulisubiri miezi sita akaamka Jumatatu na pengo la maelfu ya yuro. Mwaka 2024 mauzo ya magari ya umeme Ujerumani yakashuka kwa asilimia 27. Marekani yamekuwa yaleyale kwa mtindo wao: sheria ya Agosti 2022 iliongeza masharti na kurefusha punguzo la dola 7,500, kisha sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ikalikata kuanzia mwisho wa Septemba mwaka huo. Mwenye kiwanda hapangi mipango ya miaka kumi kwa sera inayobadilika kila baada ya uchaguzi.

Uchina walianzia mahali tofauti kabisa. Wao hawakuuliza mnunuzi atalipiaje gari la umeme. Waliuliza sisi tutawashindaje Wajerumani na Wajapani. Mhandisi Wan Gang, aliyekuwa amefanya kazi Audi nchini Ujerumani, alirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 2000 akiwa na hoja moja: kwenye injini ya petroli wenzetu wametutangulia miaka mia, hatutawafikia; kwenye betri na mota sote tuko mstari wa kuanzia. Mwaka 2007 akawa waziri wa sayansi na teknolojia. Kuna hofu nyingine iliyokuwa nyuma ya hoja hiyo: mafuta mengi ya Uchina huja kwa meli kutoka nje, na nchi haipendi koo lake liwe mikononi mwa wengine.

Kuanzia 2009 fedha zikamwagwa. Na fedha zikimwagwa, wezi hawakosi. Mwaka 2016 wizara ya fedha iliyataja hadharani makampuni matano yaliyochota ruzuku ya zaidi ya yuan bilioni 1 kwa njia za udanganyifu, mengine yakidai malipo ya mabasi ambayo hayakuwahi kuundwa. Baada ya hapo ruzuku ikaanza kupunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikakoma mwisho wa 2022, na viwanda vikawekewa mfumo wa pointi: kiwanda kisichotengeneza magari ya umeme ya kutosha kinanunua pointi kwa mwenzake aliyetengeneza mengi. Mbunifu anakula fedha ya mzembe, na hazina ya serikali haiguswi.

Lakini silaha kali zaidi ya Uchina, kwa maoni yangu, ilikuwa kibao cha namba. Shanghai huuza namba za magari ya petroli kwa mnada, na kwa miaka kadhaa bei ilizunguka yuan 90,000. Mwaka 2020 kulikuwa na kigari kidogo cha umeme, Wuling Hongguang Mini, kilichoanzia yuan 28,800. Yaani namba tupu ya gari la petroli, kabla hujanunua gari lenyewe, ilikuwa bei ya vigari vitatu. Beijing nako tangu 2011 namba hutolewa kwa bahati nasibu, na kuna watu wamecheza miaka na miaka bila kushinda. Gari la umeme likapata kibao cha kijani, Shanghai bure, Beijing kwa foleni yake ya pekee. Serikali haikuhitaji kutoa hata senti. Ilifungua mlango mmoja wa pembeni wakati ule mkubwa umejaa watu. Shenzhen nao hawakungoja wanunuzi: kufikia mwisho wa 2017 mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya umeme.

Kufikia 2024 karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa Uchina yalikuwa ya kuchajiwa, tukihesabu na yale ya haibridi yenye betri na injini pamoja. Ndipo wengine wakashtuka. Mwaka 2024 Marekani ikapandisha ushuru wa magari ya umeme ya Uchina hadi asilimia 100, na Umoja wa Ulaya ukaongeza hadi asilimia 35.3 juu ya ile 10 ya kawaida. Ni jambo la kustaajabisha kidogo: nchi inayosema dunia inaungua inaziba bandari isiingize gari la umeme la bei nafuu. Ila ukiwa na kiwanda cha magari Detroit au Wolfsburg hutaona ajabu yoyote.

Sasa njoo jirani. Mwanzoni mwa 2024 Ethiopia ilifanya jambo ambalo hakuna taifa tajiri lililothubutu: ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, wakati Ulaya bado ilikuwa inabishana kuhusu kusitisha mauzo ya magari mapya ya aina hiyo mwaka 2035. Waliosoma habari hiyo wakadhani ni tamko la mazingira. Sivyo. Ilikuwa habari ya dola.

Mafuta ya Ethiopia hushushwa Djibouti na kupandishwa kwa malori hadi nyanda za juu, na kila lita hulipiwa kwa fedha za kigeni ambazo benki kuu ilikuwa inazisaka kwa tochi. Bili ya mwaka ni mabilioni ya dola. Wakati huohuo nchi inazalisha karibu umeme wake wote kwa maji, na kwenye mto Abay, yaani Nili ya Buluu, ilikuwa inamalizia bwawa la kuzalisha umeme kubwa kuliko yote Afrika, lenye uwezo wa megawati 5,150, lililozinduliwa Septemba 2025. Umeme huo hulipiwa kwa birr, fedha yao wenyewe. Hesabu iko wazi hata kwa mama ntilie: unanunua nje kwa fedha usiyo nayo kitu ambacho mbadala wake unao ndani.

Kodi nayo ikapangwa kwa ngazi. Gari la umeme likija zima hutozwa ushuru wa asilimia 15, likija limeunganishwa nusu asilimia 5, na likija vipandevipande hutozwa sifuri, ili kazi ya kuunganisha ifanyike Ethiopia. Na kuna sababu moja ambayo haisemwi sana: marufuku hiyo iliwezekana kwa kuwa wenye magari ni wachache mno. Nchi ya watu zaidi ya milioni 120 ina magari yapatayo milioni 1.2. Unapokataza kitu ambacho wengi hawana, maandamano hayajai barabara. Wanaoumia wapo hata hivyo. Addis Ababa utapata pa kuchajia. Ukitoka kwenda mikoani ni kubahatisha. Umeme hukatika. Fundi anayejua kufungua betri ya volti mia kadhaa bila kujiua si kila gereji utamkuta, na spea zinangojewa kutoka Uchina.

Kwetu Afrika Mashariki gari dogo la familia si mahali pa kuanzia, na serikali zilizoelewa hilo ndizo zilizosogea. Mwenye gari la mtumba hulitumia kwenda kazini na kurudi. Bodaboda yuko barabarani tangu alfajiri hadi usiku, anajaza mafuta kila siku, na kila shilingi ya petroli anaihesabu. Kwake yeye umeme si anasa, ni faida ya jioni. Tatizo ni betri: ndiyo ghali, na kuichaji kunakula muda wa abiria. Jawabu lililoshika Kigali, ambako kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019, ni kumuuzia dereva pikipiki bila betri. Betri ni mali ya kampuni. Ikikaribia kuisha anapita kituoni, anaichomoa, anapewa iliyojaa, analipia umeme aliotumia, anaondoka. Dakika chache tu, kama kujaza mafuta.

Rwanda iliweka sera kufuata mtindo huo. Mwaka 2021 iliondoa VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa kwa magari na pikipiki za umeme pamoja na betri na vifaa vya kuchajia, ikaruhusu vituo vya kuchajia kujengwa kwenye ardhi ya serikali bila kodi ya pango, na kuvipa umeme kwa bei ya viwanda. Kisha Januari 2025 ikafunga mlango: pikipiki mpya ya biashara ya abiria jijini Kigali haisajiliwi kama si ya umeme. Zilizokuwepo za petroli ziliachwa ziendelee hadi zichoke zenyewe. Huo ni upole wa kisiasa ambao nadhani umesaidia. Dereva mwenye mkopo wa pikipiki ya petroli hakuamka na kukuta mali yake ni chuma chakavu.

Kenya walitazama saa. Usiku wa manane Wakenya wamelala, mashine za nchi zina kazi ndogo, na kule Olkaria karibu na Naivasha mvuke wa jotoardhi huachiwa upotee hewani kwa kukosa mtumiaji. Volkano haizimwi kwa swichi. Hivyo kuanzia Aprili 2023 shirika la umeme likaweka bei maalumu kwa wanaochaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti nyakati za kawaida, na shilingi 8 nyakati zisizo na msongamano, hasa usiku. Basi linalolala depo likichaji hadi asubuhi linakunywa umeme ambao ungepotea. Kati ya sera zote nilizozitaja hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu haimnyang'anyi mtu chochote. Tanzania, iliyokamilisha bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ina kila sababu ya kuipiga hesabu hiyo, ingawa kwa sasa mjadala wa mitaani Dar ni wa gesi asilia kuliko wa betri, na foleni kwenye vituo vya gesi zinaonyesha hivyo.

Kongo nayo ina sera ya magari ya umeme, ila ni ya upande wa pili wa bomba. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika kwenye betri, huchimbwa huko, sehemu kubwa katika ardhi ya Kolwezi ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na mgodini. Februari 2025, bei ilipoporomoka, Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje, na Oktoba mwaka huo ikafungulia kwa mgawo. Indonesia ilifanya la kufanana na hilo mwaka 2020 kwa mawe ya nikeli, ikawalazimisha Wachina kuja kujenga viwanda kwake. Kongo ina mkono dhaifu zaidi: viwanda vya Uchina vinazidi kutumia betri za chuma na fosfeti, ambazo hazina kobalti wala nikeli ndani yake. Ukibana sana, mteja anajifunza kupika bila chumvi yako.

Kuna swali moja linalozikuta serikali zote hizi zikishafanikiwa, na ni la hesabu tu. Barabara hutengenezwa kwa kodi iliyo ndani ya lita ya mafuta. Kenya kwa mfano iliipandisha tozo hiyo Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Gari la umeme linachimba mashimo barabarani kama jingine, pengine zaidi kwa kuwa betri ni nzito, lakini halinunui lita hata moja. Iceland ilianza Januari 2024 kulitoza kroni 6 za kwao kwa kila kilomita linayotembea. New Zealand ikafuata Aprili mwaka huo kwa dola zao 76 kwa kila kilomita 1,000, miezi mitatu tu baada ya kufuta ruzuku ya kununulia.

Hata Norwei imeanza kurudisha mkono mfukoni. Mwaka 2023 sehemu ya bei ya gari la umeme iliyozidi kroni 500,000 ilianza kutozwa VAT, na kodi ya uzito ikaongezwa juu yake. Na huko Oslo, kwenye mzunguko uleule wa vituo vya tozo ambavyo Fiat Panda ya wanamuziki ilivipita bila kulipa, magari ya umeme yameanza kulipa tangu Juni 2019.